Miti Haina Miguu

Mtaani walimwita Mama Kufuli, na jina lilimkaa. Akifunga mlango anausukuma, anashuka ngazi, anafika chini, kisha roho inamvuta, anapanda tena kwenda kuusukuma mara ya mwisho. Shule aliiacha mapema. Aliyoyajua aliyajua kwa kutazama: jirani aliyekonda, bomba lililoanza kuvuja, mteja ambaye hatarudi kuchukua mzigo wake.

Alikuwa fundi wa mapazia. Chumba cha kazi kilikuwa chini ya nyumba aliyopanga, meza moja ndefu, cherehani mbili, marobota ya kitambaa hadi darini. Dada yake alikata, yeye akashona. Dada huyo alimpita miaka sita na urefu wa ulimi.

Maneno ya safari yaliingia humo ndani kwa picha. Binti yake Mama Kufuli, muuguzi huko ughaibuni, aliituma kwenye simu: amesimama barabarani, juu yake miti ya manjano na miekundu kama inawaka, chini majani yamefunika njia yote.

"Miti hii inaumwa," alisema Mama Kufuli.

Dada yake alicheka hadi akaweka mkasi chini. "Inaumwa nini? Inavua nguo kabla baridi haijaingia. Lete hapa." Aliisogeza simu karibu na uso. Kioo kikazimika, akakigusa, kikawaka, akatazama tena. "Mimi nataka kwenda kusimama chini ya huu hapa. Majani yaniangukie kichwani. Basi, sina lingine."

Kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo hadithi ya kazini. Binti alikwishawaeleza kwamba rangi zile hazikai. Ni wiki mbili tatu, ukija upepo na mvua unakuta miti uchi. Kwa hiyo waje majira yenyewe, yeye atawapokea. Dada mtu alipanga safari kama bibi harusi. Mama Kufuli alipanga kama mtu anayehamishwa kwa nguvu. Nani atalala nyumbani? Pasi ikisahaulika kwenye umeme? Ndegeni masikio yakiziba, mtu anafanyaje? Na mtoto akienda kazini, wao wakapotea, watamuuliza nani, kwa lugha gani?

"Tutauliza kwa mikono," alijibu dada yake. "Mbona sokoni unagombana kwa mikono na unaeleweka?"

Majira yalipokaribia ikaja kazi ya mapazia ya hosteli nzima, na Mama Kufuli akaikumbatia kama aliyeokolewa mtoni. "Dada, mwaka huu tuache. Miti haina miguu. Mwakani tutaikuta palepale."

Dada yake aliusimamisha mkasi. "Miguu haina, kweli. Lakini twende mwaka huu, mdogo wangu."

"Mwaka huu kuna nini?"

"Basi tu."

"Basi tu si sababu. Kazi imejaa."

"Haya." Mkasi ukaendelea. Mama Kufuli hakuinua macho kwenye cherehani. Alikuwa akiunga pindo refu na hakutaka lipinde.

Ulifuata mwaka wa mambo madogomadogo. Dada mtu alihamishia kiti mlangoni, akasema anataka hewa. Kutunga uzi akaacha: "Nitungie wewe, mimi leo mvivu." Vitambaa vikaanza kukatwa kombo. Mama Kufuli aliona kila kipande, akaulaumu mkasi. Aliupeleka kwa mnoa visu mara mbili, na mara ya pili mzee yule akaupitisha kwenye kipande cha gazeti, gazeti likaachana lenyewe.

"Mama, mkasi huu ni mkali kuliko ulimi wako. Nikiunoa zaidi utaisha."

"Basi kitambaa cha siku hizi ni kibovu," alisema Mama Kufuli, akaurudisha.

Majira yalipokaribia tena, binti hakungoja. Tiketi alizinunua yeye, akampigia mama yake: "Zimeshalipwa. Sasa tafuta kisingizio kingine." Kikabaki kitu kimoja tu, makoti. Ndugu hao wawili wakaenda sokoni kwenye mitumba wameshikana mikono, kama walivyozoea kutembea siku za karibuni.

"Karibuni mama zangu," muuza makoti aliwapokea. "Mnaenda kupigana na baridi ya wapi?"

"Tunaenda kutazama majani," alisema dada mtu.

"Majani! Kwani haya ya hapa mmegombana nayo?"

Wakacheka wote watatu. Muuza makoti akawaambia yapo ya kila rangi, jekundu zuri lipo pale mwisho. Dada mtu akapapasa mstari wa makoti kwa vidole, akavuta moja, akalikumbatia kifuani. "Hili jekundu ndilo langu. Nikipotea mtaniona kwa mbali."

Lilikuwa la kijani, kijani cha chupa. Muuza makoti alianza kucheka, akidhani ni mzaha, akamwona Mama Kufuli usoni, akanyamaza.

Mama Kufuli aliinua kiganja, akakipitisha polepole mbele ya macho ya dada yake.

"Shusha huo mkono," dada yake alisema. "Upepo wake nausikia."

"Tangu lini?"

"La kushoto lilitangulia, mwaka juzi. Presha ya macho. Daktari aliniambia kilichokwenda hakirudi, matone ni ya kuchelewesha tu. Sasa naona mwanga na vivuli. Wewe ni kivuli kinene."

Mama Kufuli hakucheka. "Mwaka jana?"

"Mwaka jana la kulia lilikuwa zima."

"Ungeona."

"Ningeona."

Muuza makoti alisukuma kiti cha plastiki, akaenda upande wa pili kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mama Kufuli alikaa.

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Nikuambie unifungie ndani na kufuli tatu? Nilitaka kwenda kutembea, sikutaka kuuguzwa."

"Ungeniambia ningekubali! Siku ileile tungeondoka!"

Dada yake alifikiri, kwa haki kabisa, kama mtu anayepima kitambaa. "Pengine," alisema.

Neno hilo lilimwingia Mama Kufuli kuliko matusi yote aliyowahi kupewa, maana hata yeye hakuweza kuapa vinginevyo. Pengine angekubali. Pengine angesema wasubiri matone yafanye kazi kwanza.

"Tusiende," alisema. "Nitampigia mtoto."

"Tunakwenda. Mtoto nataka kumshika, miaka mingi sijamshika. Ila nisikilize. Tukifika chini ya hiyo miti usinisimulie. Usianze hili la manjano, lile jekundu. Unyamaze."

"Nitanyamaza."

"Haya, nipe hilo jekundu lenyewe. Mimi nalitaka hata kama silioni."

Walilipa, wakatoka, kila mmoja na koti lake mkononi, jua kali juu yao. Dada mtu sasa hakujificha tena, alimshika mdogo wake kiwiko waziwazi. Karibu na nyumbani mafundi wa maji walikuwa wamechimba njia.

"Kuna shimo, dada," alisema Mama Kufuli.

Maisha yake yote akimwonya hivyo, jibu lilikuwa lilelile: "Kwani ndiwe uliyenizaa?" Wakati mwingine lilifuatwa na msonyo. Mama Kufuli alilingoja. Angelipokea kwa mikono miwili, na msonyo wake.

Dada yake alisimama, mguu mmoja mbele, akangoja aambiwe apite upande gani.