Alama Nyekundu Kwenye Gitaa la Kwaya

Naandika polepole, na hili naliandika kwa aibu. Kwaya yetu hapa Karatu ina gitaa la umeme la zamani. Tulichanga, nikatumwa Arusha kununua tundu jipya la kuchomekea waya, maana hela haikutosha zaidi ya hapo. Fundi redio alilifunga, tukajaribu, gitaa likalia vizuri. Kisha akasema, "Mdogo wangu, liache hadi kesho, gundi ikauke."

Hadi kesho ya nini? Nilijua tu atang'oa tundu letu na kurudisha lile bovu. Kwetu Kakesio mbuzi huwekwa alama ili asibadilishwe. Nami nilikuwa nimejiandaa. Alipoenda kunywa chai, nilitoa mfukoni rangi ya kucha ya dada yangu Neema, nikapaka tundu lote, nje na ndani.

Kesho yake umeme ulikatika, nikalichukua gitaa bila kulijaribu. Alama ilikuwepo. Lakini jioni umeme uliporudi, kwenye mazoezi, gitaa halikutoa hata mlio. Basi ameiba vya ndani, nikawaza. Mimi nisiyeongea sana nilisimama mbele ya kwaya nzima nikasema, "Fundi katuibia!"

Mwalimu wa kwaya alimwita. Fundi alikuja na bisibisi, amenuna. Alimulika tundu kwa simu, akakwangua, gitaa likanguruma. Akanyoosha kiganja chenye vipande vyekundu.

"Nani kapaka rangi humu?"

Kabla sijafungua mdomo, Neema alipaza sauti kutoka safu ya waimbaji, "Wewe! Hiyo si rangi yangu ya kucha?"