Mbwa Mwitu wa Mwezi wa Kumi

Sisi madereva wa utalii wa Arusha tuna sheria yetu moja: ukiona mnyama, sema. Ukimficha chui wako kimya kimya, jioni wenzako watakuita mchoyo mpaka ukome. Mimi uchoyo sikuwa nao. Ndiyo maana, mwezi wa saba mmoja miaka kadhaa iliyopita, nilipokuta shimo la mbwa mwitu kule tambarare za Simanjiro, watoto wametoka nje wanavutana masikio, nilishika redio ya gari nikatangaza kama muuza samaki.

Hazikupita dakika ishirini, magari yakawa yamezunguka shimo lote. Wageni wamesimama juu ya viti, kila mtu anataka picha. Mama mbwa akaanza kuhama. Alimbeba mtoto mmoja kwa mdomo, akapenya kati ya magurudumu, akapotelea majanini. Akarudi, akabeba mwingine. Safari ya mwisho alikuta gari limeziba mlango wa shimo. Gari lenyewe lilikuwa langu. Akazunguka, akasimama, akazunguka tena, akaondoka. Kesho yake nilipita hapo peke yangu na fisi walikuwa wameshafika. Zaidi ya hapo sitaki kusema.

Tangu siku ile yule mama hajaniacha. Naweza kuwa nakunywa chai nyumbani Moshono, mke wangu ananiongelesha, mara namwona amesimama mbele ya bampa ananitazama. "Umeenda wapi tena?" mke wangu huuliza. Namjibu nimechoka tu. Wenzangu huniambia, achana nayo bwana, mnyama ni mnyama. Najaribu, jamani. Haiachiki.

Basi mwaka jana, mwezi wa tano, akaja Mwalimu. Huyu mama alinifundisha darasa la tatu kule Oldonyo Sambu, na viboko vyake navikumbuka mpaka leo. Sasa amestaafu, mjane, anaishi kwa binti yake, mtaa wa Themi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Nyumba ni yangu, kiti ni changu, mgeni ananiamuru nikae! Nikakaa.

Akasema presha ya macho imeshamaliza jicho la kushoto, na daktari amemwambia la kulia nalo halina muda mrefu. Kabla halijafunga anataka kuona mbwa mwitu. Si simba, si tembo. Alipokuwa mtoto walikuwa wakipita nyuma ya boma lao, na kila walipopita baba yake alimfunika uso kwa shuka asiogope. "Nikakubali kufunikwa," akasema. "Mpaka leo sijawaona. Tunakwenda lini? Mwezi wa saba, si ndio wanapatikana kirahisi?"

Ndiyo, kirahisi mno. Mwezi wa saba wana watoto shimoni, hawaendi mbali, hata dereva aliyeanza kazi jana atakuonyesha. Mimi nikafungua daftari nikaandika: mwezi wa kumi. Nikamweleza kwamba wakati huo watoto watakuwa wanakimbia na wakubwa, hakuna wa kuachwa nyuma. Tutakwenda na gari moja, redio imezimwa. Tutakaa mbali, na wakiinuka kutukodolea macho, tunarudi nyuma.

"Mwezi wa kumi," akarudia. "Na jicho langu umelipangia mwezi gani?"

Ndipo nikamweleza habari ya lile shimo, yote, hata yale niliyomficha mke wangu. Alinisikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza mtoto ambaye hakufanya kazi ya nyumbani.

"Kwa hiyo kosa ni lako, na wa kungoja ni mimi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya. Nitangoja."

Laiti angenitukana akatafuta dereva mwingine! Walikuwapo wengi. Lakini alingoja. Mwezi wa tisa binti yake alinipigia simu: mama hatofautishi tena dirisha na ukuta. Niliketi kwenye ngazi nikalia, mtu mzima mimi. Nikasema basi, safari imekufa. Mwalimu akamnyang'anya binti yake simu. "Nilisema nitakwenda," akasema, akakata.

Tulikwenda. Siku ya pili, saa tatu asubuhi, tukawakuta chini ya mgunga. Nikazima injini mbali nao, kama nilivyopanga.

"Wapo, Mwalimu."

"Wanafanya nini?"

"Wamelala. Wamelaliana. Mmoja ameweka kidevu juu ya tumbo la mwenzake. Mkia wake mweupe kwenye ncha. Watoto wamekua, miguu mirefu, masikio makubwa."

Alitega sikio muda mrefu. Upepo ulikuwa unapiga majani tu.

"Mbona siwasikii?"

"Wamelala, Mwalimu."

"Unanibembeleza, mtoto wewe. Umeniona kizee kipofu."

"Haki ya Mungu wapo!"

"Basi piga honi. Wainuke niwasikie."

Mkono ulikwenda wenyewe kwenye usukani. Honi moja tu, nikajiambia, fupi, nani atajua? Mama huyu amepoteza macho akisubiri dhamiri yangu itulie. Nikaurudisha mkono gotini.

"Siwezi, Mwalimu."

Akasema, "Turudi nyumbani," na njia nzima hakunisemesha.

Jumapili iliyofuata nilimkuta nje ya kanisa amezungukwa na kinamama. Anawahadithia: wamelaliana, kidevu juu ya tumbo, mkia mweupe kwenye ncha. Maneno yangu yote, hakuacha hata moja. "Niliwaona," akawaambia, na kinamama wakapiga vigelegele. Nikasogea kumwamkia. Alipoitambua sauti yangu alinivuta mkono hadi sikio langu likafika mdomoni pake, ili wenzake wasisikie.

"Sasa niambie ukweli," akanong'ona. "Walikuwapo?"

Nikamwambia walikuwapo. Ananiuliza mpaka leo, kila Jumapili.