Mseto Bila Papa

Sisi watu wa Mji wa Kale tuna mashamba, lakini ukulima hatuna. Shamba kwetu ni pahali pa kwenda siku ya pili ya Idi, kunywa madafu, kulalamikia mbu na kurudi nyumbani kabla ya Magharibi. Ukimuuliza mtu shamba lake lina miti gani atakwambia, "Ya kila namna, alhamdulillahi," na hapo mazungumzo yamekwisha. Nasema hivi bila ya kumchukia mtu, maana mimi ni mmoja wao. Nimezaliwa katika vichochoro vya nyuma ya Ngome ya Yesu, nami ndiye wa kwanza nyumbani kwetu kuvaa mabuti ya mpira na kwenda kuchimba mchanga wa watu kwa ajili ya kazi.

Kazi yenyewe ni utafiti wa miti na mazao. Kwa miaka mingi nimezunguka mashamba ya Kwale na Kilifi nikitazama jinsi mahindi, mihogo na kunde zinavyoishi na minazi na mikorosho katika shamba moja: nani anamlisha nani, nani anamnyima mwenziwe jua. Naipenda kazi hii, na sioni haya kusema kwamba naijua. Ila nyumbani ilikuwa haina jina. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mamangu, mwenye duka la vitambaa, akiulizwa mpwa wake anafanya nini alikuwa akijibu, "Yule? Mtu wa magugu." Kwake yeye aliyesoma ni aliyekaa mbele ya sheikh akasoma vitabu vya dini. Huyo ndiye aliyemwita mwanachuoni, na neno hilo hakuligawa ovyo.

Basi Idi moja ya karibuni tulikuwa shambani kwetu, ng'ambo ya Likoni. Shamba lile alilipanda babu, na sasa ni la mama na mjomba kwa mirathi. Tulikuwa tumeshiba, tumelegea juu ya mikeka, mjomba alipotangaza kwamba amepata mtu wa msumeno. Minazi imezeeka, alisema. Mikorosho imefanya msitu na chini yake hapamei hata mchicha. Itakatwa yote, mbao ziuzwe, trekta ipite, papandwe mahindi mistari kwa mistari. Mtu wa msumeno angekuja Jumatatu, baada ya wiki moja.

Mama alitazama chini. Fungu lake lilikuwa lake, lakini mkubwa ni mkubwa, na sijamsikia hata mara moja akimkatalia kaka yake mbele ya watu. Mimi adabu hiyo sikujaliwa. Nilimwambia mjomba kwamba mchanga ule ni mwepesi, kwamba mizizi na majani ya miti ndiyo yanayoushikilia, na kwamba akiuacha uchi, mvua za masika zitaibeba rutuba yote zende nayo baharini.

"Hayo kawaambie wakulima," akasema. "Sisi si wakulima."

"Ndiyo maana mwataka kukata, mjomba."

Mama alinifinya paja. Mjomba akaweka chini dafu lake.

"Haya. Wewe wasema wajua. Nipa sababu moja nitakayoifahamu mimi, mtu wa dukani, bila ya Kizungu na bila ya michoro. Ukinipa, msumeno hauji. Ukishindwa, usinitie maneno tena."

Nikamwambia nitampa, tena mbele ya mtaa mzima. Ulikuwa ni ulimi wa hasira huo, lakini neno likishatoka limetoka.

Kazini walikuwa wameshatuambia tuyapeleke tuliyoyajua kwa watu, yasilale makabatini. Kwa kawaida jambo hilo maana yake ni hoteli, chai ya saa nne, picha za ukutani na Kiingereza kingi, na wanaosikiliza ni wale wale wanaojua tayari. Mimi niliomba ukumbi mdogo wa mtaani kwetu, siku ya Jumamosi baada ya Alasiri, na Kiswahili kitupu. Nikaandika tangazo: "Karibuni tuzungumze juu ya kilimo mseto, yaani miti na mazao katika shamba moja." Kilimo mseto ndilo jina linalotumika vitabuni, na nililiandika bila ya kufikiri. Nikampa mama alitume kwenye kundi la simu la kina mama wa mtaani.

Asiye mtu wa pwani hapa yafaa aelezwe. Mseto kwetu ni chakula. Ni mchele na pojo, zile punje za kijani ambazo bara huitwa ndengu, zimepikwa katika sufuria moja kwa tui la nazi, na mwenziwe wa halali ni mchuzi wa papa. Tangazo langu lilitoka kwa mama likenda kwa jirani, kutoka kwa jirani likenda kwa wifi yake, na kila lilipopita liliacha neno, kama zilivyo habari zote za mtaa wetu. Lilipomaliza kuzunguka lilikuwa limebaki hivi: "Jumamosi ukumbini, baada ya Alasiri. Mseto. Nyote mwakaribishwa."

Niligundua Jumamosi yenyewe, asubuhi. Jirani alipiga hodi, akasalimu vizuri, akauliza hali za watu wote wa nyumbani mmoja mmoja, kisha akataka kujua kama mseto utaliwa kwa papa au kwa nguru, maana mumewe hali papa.

"Mseto gani?" mama akauliza.

Alipoonyeshwa simu alikaa kitako. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikakumbuka msumeno, na kicheko kikanikatika. Watu wangekuja kula, wangekuta maneno, wangeondoka, na mjomba angekuwa shahidi. Nikachukua simu niandike tangazo jingine la kusahihisha. Mama akanishika mkono.

"Wawaambia nini? Kwamba tumewaita kisha hapana kitu? Watu washaambiwa mseto, na mseto watakula. Mtu aje kwa jina letu arudi na kibakuli kitupu? Haiwi, mwanangu. Ndoo hapa unikunie nazi."

"Mama, mimi nina hotuba."

"Hotuba haikuni nazi."

Nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikakuna. Nazi zilikuwa za kapu lile lile alilotuletea mjomba kutoka shambani siku ya Idi. Pojo zilitoka kwenye duka la nafaka la pembeni, kwa mzee wetu mmoja ambaye wazee wake walitoka Kachi ya Bara Hindi, na ambaye Kiswahili chake ni cha Kimvita kuliko changu. Naye ana kishamba chake upande wa Mtwapa. Alipoambiwa ni za nini alisema atakuja kula, na akishashiba atasikiliza, kwa mpango huo na si kinyume chake. Papa hakuwako. Papa mkavu hurowekwa tangu jana, na jana hatukuwa na habari. Hilo lilimuuma mama kuliko yote. Alikoroga sufuria kubwa la harusi huku akirudia, "Mseto bila papa. Watanisema."

Baada ya Alasiri ukumbi ulijaa hata wengine wakasimama mlangoni. Nimewahi kuzungumza mbele ya maprofesa, lakini sijawahi kuona watu waliokuja wamejitayarisha namna ile: kila mmoja na kibakuli chake, wengine na vifuniko. Mjomba alikaa nyuma, karibu na mlango, kanzu imenyooka, mikono juu ya bakora. Hakuleta kibakuli. Yeye peke yake alijua amekuja kufanya nini.

Nikasalimu, nikaitikiwa. Nikaanza, "Leo tutazungumza juu ya kilimo mseto," na mzee wa duka la nafaka akasema kwa sauti ya upole, "Mseto harufu yake twaisikia, bibi. Hicho kilimo ndicho nini?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Damu ilinipanda usoni, na kwa dakika moja niliwachukia wote, na vibakuli vyao. Karatasi nilizoandaa zilikuwa mkononi, na neno la kwanza ndani yake lilikuwa "mfumo". Nikamwona mjomba ameanza kutabasamu. Nikazikunja zile karatasi nikazikalia, nikamgeukia mama, aliyekuwa amesimama kando ya sufuria na mwiko wake.

"Mama, ukipika mseto watia nini kwanza?"

"Pojo. Swali gani hilo?"

"Kwa nini si mchele?"

"Pojo ni ngumu, zataka muda. Ukitia mtele pamoja nazo, mtele utakuwa uji na pojo ziko mbichi."

"Basi na shamba ni hivyo hivyo," nikawaambia. "Mti ndio pojo. Unachukua muda, kwa hivyo ndio wa kwanza, na mahindi huja baadaye yakaukuta umeshatengeneza mahali. Ukiukata leo, huwezi kuurudisha kesho kwa haraka, kama huwezi kutia pojo mbichi katika wali ulioiva."

Kicheko kilikuwa kimetulia. Nikauliza, "Na nikizitoa pojo zote, nikapika mchele peke yake?"

"Huo si mseto tena, ni wali," mwanamke mmoja akajibu.

"Na nikiunyima na tui?"

"Ah! Hicho chakula cha mgonjwa."

"Basi mahindi mistari kwa mistari, juani, katika mchanga wetu huu, ndicho chakula cha mgonjwa. Yatakula mwaka wa kwanza yaliyoachwa na miti. Baadaye yatataka dawa."

Hapo nikajua wako nami. Niliwaeleza habari za pojo zenyewe, na jamaa zake kunde na mbaazi, kwamba ukizing'oa utaona vinundu kwenye mizizi, na ndani yake mna vijidudu vinavyoshika rutuba iliyomo hewani na kuiweka mchangani. Wengi wamezila tangu wakiota meno na hawakuwa na habari. Niliwaambia majani ya mkorosho yakianguka si takataka ya kuchoma, ni blanketi la mchanga. Maswali yakaja, tena maswali ya maana. Mzee wa nafaka aliuliza kuhusu kisima chake kinachokauka kila kaskazi. Alikuwa amesahau kwamba sharti lake lilikuwa kula kwanza.

Kisha bakora ikagonga sakafu. Mjomba alisimama.

"Mimi nina sufuria imejaa pojo kongwe mpaka mdomoni," akasema. "Mtele nitautia wapi?"

Lilikuwa swali zuri, na nilifurahi kwamba limetoka kwake. Nilimjibu taratibu. Sufuria likijaa hulimwagi, unapunguza. Minazi iliyokufa itoke. Mikorosho ipogolewe, matawi ya chini na ya katikati, jua lipate njia ya kushuka. Baina yake papandwe mbaazi na kunde msimu wa kwanza, mchanga upate nguvu, na mahindi yafuate. Kila mti uliozeeka upandiwe mrithi wake pembeni kabla haujaanguka.

"Na hilo tui lililomo humo," nikamalizia, "nimelikuna mimi asubuhi. Nazi zake ni za kapu ulilotuletea, mjomba. Minazi ikenda, mwakani mama atapikia watu nini?"

Ukumbi ukamgeukia, na yeye akakaa chini. Mama akagonga sufuria kwa mwiko, vibakuli vikainuka, na habari za mchanga zikaendelea huku watu wanakula kwa achari na kachumbari. Wawili watatu waliuliza papa yuko wapi. Mjomba alikula kwa kibakuli alichoazimwa, akamaliza, akanawa mikono, akaaga watu wote kwa adabu na akatoka.

Jumapili nzima sikumsikia. Mama alinikataza kumpigia simu. "Umeshasema," aliniambia. "Mwache ameze."

Jumatatu nikavuka feri mapema. Kutoka barabarani nikaona gari la mizigo limeegeshwa penye lango la shamba. Nikapita kwa upande wa nyuma, kwa njia ya mkato, mabuti yangu miguuni. Mtu wa msumeno alikuwa amesimama chini ya minazi, chombo kiko begani, anazozana. Alikuwa ametoka mbali, anasema, na ameambiwa miti yote. Mjomba alikuwa mbele yake, bakora imekingamishwa kama mtu anayezuia mlango.

"Hapa hakikatwi kitu," mjomba alikuwa akisema. "Uweke chini msumeno wako ungoje. Mwanachuoni wetu yuwaja atuoneshe ni upi na upi."

"Mwanachuoni wa miti?" yule mtu akauliza.

"Mpwa wangu. Kwani miti haisomwi?"

Nilisimama nyuma ya mkorosho mpaka macho yakanikauka. Sijui kama nimewahi kujivuna vile maishani, na sidhani nitajivuna vile tena. Kisha nikakanyaga majani kwa nguvu ili nisikike, nikajitokeza.

"Mtu wa magugu," mjomba akaniambia, uso umekunjwa. "Mbona umekawia?"

Nikamwambia feri ilichelewa. Sikumwambia nimesikia. Tulizunguka shamba zima watatu sisi, mimi naonyesha, yeye anagonga shina kwa bakora, "Huu wabaki, huu tawi," na mtu wa msumeno akafuata alivyoambiwa.

Jioni nikamhadithia mama, neno kwa neno, pamoja na lile neno moja. Aliinuka, akaenda jikoni, akaroweka papa.