Funza wa Lulu ya Eliza

Ninaikumbuka Jumamosi moja pale Lukozi, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyopasua kitu cha mwenzangu kwa kisu cha kumenyea viazi.

Mwenzangu huyo ni Eliza, binti wa baba yangu mdogo. Tulilala kitanda kimoja tangu utotoni na tukaimba sauti moja kwenye kwaya. Kisha Yona, kijana wa Shume aliyekuwa akifanya kazi Tanga, akamchumbia yeye. Mimi sikuchumbiwa na mtu. Yona akamtumia lulu, ndogo kama punje ya mtama, imetobolewa na kutiwa uzi. Kijiji kizima kikaja kuitazama. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, na roho ikauma zaidi. Nisikufiche: nilimwonea wivu hata alivyokohoa.

Zilikuwa siku za Ujamaa. Asubuhi tulilima shamba la kijiji, alasiri tukaenda darasa la watu wazima. Mwalimu wetu alitoka Pangani. Alipoiona lulu shingoni mwa Eliza, akatueleza ilikotoka. Baharini, akasema, kuna chaza, kiumbe laini anayeishi kati ya magamba mawili. Watu hudhani lulu huanza na chembe ya mchanga, lakini mara nyingi ni kijidudu kilichomwingia mwilini kumnyonya. Chaza hana mikono ya kukitoa. Basi hukizungushia kile kile kinachong'arisha gamba lake kwa ndani, tabaka juu ya tabaka, mpaka kinakuwa lulu.

Wenzangu walishangaa. Mimi nilifurahi, tena sana!

"Kumbe Eliza kavaa funza!" nikasema kwa sauti.

Darasa likacheka. Eliza naye akacheka, na kicheko chake kikaniudhi kuliko lulu yenyewe.

Kwetu milimani tunda lenye funza halina heshima. Mnunuzi akilitilia shaka peasi lako, unalipasua mbele yake aone. Nami nikafikiri hivyo hivyo. Jumamosi ile Eliza alikwenda shambani akaniachia lulu niitunze, akihofia uzi usije ukakatika. Ilikuwa zamu yangu ya kupika. Nikaiweka juu ya jiwe la kusagia, nikasimamisha kisu, nikagonga. Nilitaka nimtoe huyo funza, kila aliyeisifu lulu amwone.

Sikumpata. Ilikuwa vigamba juu ya vigamba, kama kitunguu, na katikati kitone cheusi ambacho pumzi yangu ilikipeperusha.

Eliza aliporudi nilimwonyesha vipande kiganjani. Akavitazama, akanitazama.

"Ulikuwa unatafuta nini, dada?"

Nikavifumba vipande kiganjani, nikarudi jikoni.

Kesho yake, baada ya ibada, shangazi yake Yona akaja kupanga harusi. Tukamwamkia, nikamletea chai. Akaitazama shingo ya Eliza.

"Lulu ya mwanetu iko wapi?"

Nikainamia birika, nikajifanya naongeza chai. Eliza akainamisha kichwa.

"Nisamehe, shangazi. Uzi ulikatika shambani. Nimetafuta sikuiona."

"Mzembe namna hii ndiye atakayetutunzia nyumba?"

Mama yule aliondoka bila kumaliza chai. Harusi ikasogezwa mpaka baada ya mavuno, na kidogo ivunjike kabisa. Hata alipoolewa, ukweni walimwita mzembe kwa miaka, mpaka nilipojikaza nikapanda Shume kumweleza shangazi yule ukweli. Eliza hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe. Alinifunika kimya kimya miaka yote hiyo. Nilikuwa nimehangaika kutafuta funza ndani ya lulu, na funza mwenyewe ni mimi.

Nakwambia haya, mwanangu, kwa sababu mdogo wako kaposwa kabla yako, na jana umeapa kwamba hutashika hata sufuria siku ya sherehe yake. Roho inakuuma, najua. Sitakudanganya kwamba haiumi. Iache iume, lakini usiipe kisu. Nenda ukampikie. Akikuachia kitu chake, mrudishie kikiwa kizima. Na mtu akikukosea siku moja, mkumbuke Eliza kabla hujafungua mdomo.

Mungu akupe cha kwako, mwanangu. Na kabla hakijafika, akupe mikono ya kutunza cha mwenzako.