Jaketi ya Mtu Mfupi

Miaka ile ya tisini, barabara ya Arua kwenda Koboko ilipokuwa haiaminiki, dada yangu alikuwa askari wa kusindikiza malori. Alipewa jaketi ya kuzuia risasi. Kambini waliiita "jaketi ya risasi" tu, na mama, ambaye Kiswahili chake alikiokota sokoni, aliamini kuwa risasi zimeshonewa ndani. Kila dada alipoingia nayo nyumbani, mama alisogeza jiko la mkaa mbali naye.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Kampala, na sikuacha kitu bila kukiuliza swali. Jaketi hii ilipimwa kwa mwili wa nani? Nikaivaa ili nijue. Niliposimama, ilinikandamiza matiti hadi pumzi ikawa fupi. Nilipoketi, upande wa chini uligota mapajani na wa juu ukanipanda kooni.

"Sasa umejua," dada alisema. "Nikipanda lori naivua. Naikalia."

"Unaikalia?"

"Nifanyeje? Iko ya wanaume tu."

Nilimpenda mno dada huyu, sikuweza kuicheka habari ile. Nikamwambia tutafute nyingine.

Kambini kila mtu alitupa ushauri uleule: mwanamke ni mdogo, mpeni ya mtu mwembamba. Tukaazima ya kijana mmoja wa Midia, mrefu, hana nyama. Ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, na nyembamba zaidi. Dada alitoka ndani yake kama mtu anayetolewa kwenye gunia. Nikajiuliza ni nani aliyetuambia kwamba udogo na wembamba ni kitu kimoja, na kwa nini tulimwamini.

Ndipo nikamtazama vizuri mlinzi wa geti. Alikuwa mzee wa Koboko, mfupi, mnene, kifua kimejaa. Zamani aliendesha malori, lakini tangu mguu ulipoharibika hakutoka tena getini. Jaketi aliendelea kuivaa kila siku kwa fahari. Ilimwishia juu ya mkanda, na kifuani ilikuwa na nafasi.

"Afande," nikamwambia, "tunaomba jaketi yako."

"Yangu? Kwa nini yangu?"

Dada akatazama buti zake. Mimi nikasema ukweli, kwa kuwa sikujua njia nyingine: "Wewe ni mfupi, halafu una kifua."

Askari wawili waliokuwa wakinywa chai pembeni wakapaliwa.

"Afande, kumbe unanyonyesha!"

Mzee akanigeukia. "Binti ya chuo, unataka kusema mimi iko na matiti?"

"Nasema una jaketi nzuri, afande."

"Toka hapa."

Nikafungua mdomo nibishane, lakini dada akanishika mkono. Akamsogelea.

"Mzee wangu," alisema polepole, "ile yangu naikalia. Juzi tuliporushiwa risasi njiani, mimi nilikuwa na shati tu."

Wale wawili wakashusha vikombe. Mzee akaanza kufungua mikanda ya ubavuni, mmoja baada ya mwingine, akinitazama mimi kwa hasira.

"Utasema imetoka Kampala," akamwambia dada. "Umesikia, sista? Kampala."

Asubuhi iliyofuata dada alipanda lori nayo. Akaketi, akainama kufunga kamba za buti, akageuza shingo huku na huku, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayenusa chakula. Mzee alikuwa anachechemea kulizunguka lori, akitangaza kwa sauti kwamba Serikali hatimaye imewakumbuka wanawake. Wale wa chai walikuwa wanaumauma midomo. Nikataka kuuliza imeletwa na gari gani. Mzee akanikanyaga kwa ule mguu wake mzima.

Lori likaondoka kuelekea Koboko. Dada alikuwa amekaa nyuma, juu ya magunia, anamenya karanga, jaketi imefungwa mikanda yote.