Mwezi Niliobadilishana Nyumba na Mjane wa Unyambwa

Kazi ya kuhifadhi majengo ya kale sikuichagua. Nilikuwa mchora ramani katika ofisi ya ujenzi pale Singida mjini, na ilipofika miaka ile ya soko huria, watu wakaanza kupunguzwa makazini, nami nikapewa barua yangu na chai ya kuagwa. Wenzangu walifungua meza za mitumba, wengine wakaingia kwenye mashine za kukamua alizeti. Mimi sikujaliwa biashara. Nilijaribu kuuza mayai, tukayala.

Nilichokuwa nacho ni mapenzi ya matembe. Katika safari zote za kikazi nilikuwa nikiyachora pembeni mwa daftari la serikali: zile nyumba ndefu za wazee wetu, za kimo kifupi, kuta za miti na udongo, paa bapa lililoshindiliwa udongo, ambalo unaweza kupanda ukaanika mtama. Sasa yalikuwa yanakwisha. Bati, ambalo zamani ulilipata kwa kibali na kujuana, lilikuwa linauzwa madukani kama chumvi, na kila aliyevuna vizuri alikuwa anabomoa.

Basi tukaanzisha chama cha kuhifadhi nyumba za asili. Tulikuwa saba: walimu wastaafu, katekista mmoja, fundi seremala mmoja, na mke wangu, ambaye tulimwandika ili idadi itimie. Siku ya uchaguzi nilitoka nje kurudishia mnyororo wa baiskeli, niliporudi nikakuta nimekuwa mwenyekiti. Nikauliza nani amenipendekeza. Mke wangu akatazama dirishani.

Tuliandika barua nyingi, na hatimaye shirika moja la nje likajibu kwamba litafikiria kutusaidia, ila litamtuma mtu kwanza aje aone tembe moja lililotunzwa, lenye watu ndani. Likataka pia taarifa ya kitaalamu. Taarifa niliiandika mwenyewe, kwa raha zangu. Niliandika kwamba tembe ni baridi wakati wa joto na joto wakati wa baridi, kwamba halina gharama, kwamba mwenyeji wake huishi kwa utulivu. Ilibaki kumpata mwenyeji huyo mtulivu.

Tembe zuri kuliko yote niliyoyajua lilikuwa Unyambwa, nje ya mji, kwa mama mmoja mjane, mtu mzima wa miaka sabini hivi. Nilipofika kwake nikaona kitu kilichonikata maini: mabati mapya, yameegemezwa ukutani. Mwanawe aliyekuwa anachimba dhahabu Sekenke ndiye aliyemletea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza habari ya chama, urithi, vizazi vijavyo. Alikuwa anapepeta uwele, akaniacha nimalize.

"Kwa hiyo mama, nimesikia unataka kubomoa, na sisi tungeomba—"

"Kutaka ilikuwa mwaka jana. Mwaka huu nabomoa."

"Lakini mama, nyumba hii ni nzuri sana."

"Wewe unakaa wapi?"

"Utemini, mjini."

"Umeezeka nini?"

Nilitamani swali lipite mbali. "Bati, mama."

"Na sakafu?"

"Saruji."

Akaweka ungo chini. "Halafu umepanda baiskeli kutoka huko kwenye saruji kuja kuniambia udongo ni mzuri."

Taarifa yangu ilikuwa na kurasa nyingi, na hakuna ukurasa wenye jibu la hilo.

"Sikiliza," akasema, "wewe uliyeipenda njoo ukae humu, na mimi niende nikakae kwako. Mwezi mmoja, mvua hizi hizi. Ukimaliza mwezi ukiwa bado unaisifia, sibomoi."

Nadhani alisema kwa mzaha. Lakini mimi ni mwenyekiti wa chama, nikasema sawa.

Nilipomweleza mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na watoto wetu walikuwa bwenini, kwa hiyo nyumba ilikuwa na nafasi. "Nenda baba," akasema akifuta machozi. "Mimi nitabaki na mama. Chama hakikumchagua mtu mwoga."

Nikaenda na kitanda cha kukunja, sufuria moja, taarifa yangu na mashine ya kuchapa. Siku za kwanza nilijiona mshindi. Jua la saa sita lilikuwa kali nje, ndani kumepoa kama mtungini. Nikachapa ukurasa mwingine wa sifa.

Lakini watu wa Unyambwa walikuwa wanapita kunisalimia kwa upole ambao sikuuelewa. Mwanamke jirani aliniletea mlenda na ugali akiniambia, "Kula, baba, usiwaze sana." Siku ya nne wakaja wazee wawili wa kanisa, wamevaa makoti, wamebeba jogoo mwekundu. Wakakaa, wakakohoa.

"Baba," akasema mmoja, "tumekuja kwa jambo dogo. Mwanamke hukasirika, halafu hupoa."

"Nani amekasirika?"

"Mkeo."

Kumbe habari ilikuwa imeenea Unyambwa nzima kwamba mwenyekiti amefukuzwa nyumbani kwake, na mama mjane kwa huruma amempa pa kulala, mwenyewe akaenda Utemini kumtuliza mke. Jogoo alikuwa wa suluhu. Walikuwa njiani kumpeleka Utemini.

Nikawaeleza taratibu: sijafukuzwa, nahifadhi nyumba. Wakatazamana. Yule mzee wa pili akanigusa goti. "Ndiyo," akasema. "Hata mimi mwaka ule nilisema nalinda mazizi."

Jogoo akapelekwa Utemini hivyo hivyo. Baadaye nilisikia alipikwa siku hiyo hiyo na wanawake wawili waliofurahi sana.

Wiki ya pili mvua ikaja kweli, mchana, yenye upepo wetu ule wa Singida unaotaka kukuvua koti. Tone la kwanza lilianguka juu ya neno "utulivu" katika taarifa. La pili likaniangukia utosini. Baada ya muda kidogo nilikuwa nahamisha kitanda kutoka pembe hadi pembe, na kila pembe ilikuwa na tone lake.

Mvua ilipokatika yule mwanamke jirani akachungulia mlangoni. "Hukupanda juu?"

"Juu wapi?"

"Juu ya nyumba. Kuziba nyufa. Kila mvua inapokaribia lazima upande." Alinitazama kama mtu aliyesema hajui kwamba ng'ombe hunyweshwa.

Mimi nilikuwa nimechora matembe zaidi ya ninavyoweza kuhesabu. Nilijua kila nguzo yenye panda, kila boriti na kila fito. Sikuwahi kupanda juu ya hata moja. Nikapanda. Nilipiga hatua tatu kama mtaalamu, ya nne mguu ukazama mpaka kwenye paja. Chini ya mguu wangu kuku walipiga kelele, kisha nikasikia sauti ya jirani ikitokea jikoni: "Jamani njooni, mwenyekiti anachungulia kwa mguu!"

Wakaja wanawake watano. Walicheka kwanza, wakashiba, ndipo wakanichomoa. Halafu wakanifundisha kazi. Tulikwenda kuchimba udongo wa kichuguu, maana ndio unaoshika, tukauponda, tukaulowanisha, tukabadilisha fito zilizoliwa na mchwa, tukatandaza nyasi, tukashindilia. Siku ya pili tukasiriba kuta kwa udongo na samadi. Mikono yangu ilinuka zizi wiki nzima. Katika siku zile mbili nilijifunza mambo ambayo ofisi ya ujenzi haikunifundisha, na la kwanza ni kwamba tembe ni la yule anayelitengeneza kila mwaka, wala mwanamke mmoja wa miaka sabini halimudu peke yake. Nikauchukua ule ukurasa niliosema tembe halina gharama, nikawashia moto wa chai.

Na kulikuwa na maji. Kisima kilikuwa mbali, mteremko kwenda, mlima kurudi. Siku ya kwanza nilibeba ndoo nikafika na nusu yake. Mwisho wa wiki nilikuwa naoga kwa kikombe.

Jumapili ya tatu nikaenda Utemini kubadili nguo. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikamkuta mama mjane amekaa barazani kwangu, kajifunga khanga ya mke wangu, anatazama pipa chini ya mfereji wa bati. Maji yalikuwa yanatiririka humo kwa nguvu. Nilimwamkia mara mbili ndipo akanisikia.

"Marahaba. Angalia," akasema.

"Nini, mama?"

"Maji haya. Yanakuja yenyewe." Alichovya mkono, akanawa uso. "Mimi nimechota maji tangu sijaota meno ya pili. Nimechota nikiwa na mimba, nimechota siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu. Paa langu linayanywa yote. La kwako linayaleta mpaka mlangoni. Na hili hukuniambia."

"Sikujua, mama."

"Hukuwa unayachota wewe."

Mke wangu alikuwa mlangoni, amefumbata mikono. Nami ndio kwanza nikakumbuka kwamba katika miaka yetu yote ya ndoa pipa lile sikuwahi kuliuliza habari zake. Nililiona limejaa, basi.

Mwezi ulipotimia nilirudi Utemini kumpa mama jibu, maana tulikuwa tumepatana. Nikamwambia kweli: nyumba yake bado naipenda, tena zaidi kuliko mwanzo, lakini kumwambia asiezeke bati siwezi. Alicheka. Akasema naye amefikiri. Nusu ya tembe, upande wa mashariki, aliichimbia misingi mumewe kwa jembe lililovunjika mpini. Hiyo itabaki, iwe ya mbuzi na chumba cha wageni. Nusu nyingine ataivunja, na mahali pake atajenga nyumba ya bati yenye mfereji na pipa. "Kubwa kuliko la kwako," akaongeza.

Nikaandika taarifa mpya, fupi, yenye mbuzi ndani yake. Wanachama walisema tumejimaliza. Mgeni wa lile shirika alikuja, mama mmoja mrefu mwenye viatu vya kupandia milima, akauliza sasa nani anaishi ndani ya tembe.

"Mwambie," mama mjane akaniambia nitafsiri, "mimi naishi kule, mbuzi wanaishi hapa, na yeye akikawia atalala hapo katikati."

Mgeni alicheka, akaingia, akapanda hata juu ya paa, nami nikamwonyesha pa kukanyaga. Msaada uliokuja ulikuwa mdogo kuliko tulioomba, lakini ulitosha kuwalipa wale wanawake watano wafundishe wenzao kutengeneza mapaa, katika vijiji kadhaa. Mwalimu mkuu wa mafunzo alikuwa mama mjane. Alifundisha akiwa amekaa kwenye kiti, kivulini mwa bati lake.

Tangu hapo nimeitwa sehemu nyingi kutoa ushauri: mitambo ya mgodi yenye kutu huko Iramba, nyumba za reli za Manyoni, kanisa moja lenye nyufa. Popote nilipofika, kabla sijafungua daftari, niliuliza watu wanachota maji wapi. Wataalamu wenzangu waliona ni tabia ya ajabu.

Miaka kadhaa baadaye, mwaka wa mvua nyingi, ile nusu ya tembe ilianguka. Mbuzi walikuwa malishoni. Nilipanda baiskeli nikaenda na majonzi yangu yote, nikamkuta mama anapanda mbegu za maboga juu ya lundo la udongo.

"Pole sana, mama," nikasema.

"Pole wewe," akajibu. "Udongo huu umekaa na mbuzi miaka. Utazaa."

Nikatoa daftari, nikapima kilichobaki, nikaanza kuchora. Akaja akasimama nyuma yangu, akanyoosha kidole kwenye karatasi.

"Hapo mbona umeacha wazi? Chora na maboga."

"Bado hayajaota, mama."

"Yataota. Wewe chora."

Nikayachora.