Mtoto wa Nyumba ya Chini

Mke mwenzangu alipoletwa kunisalimia mara ya kwanza, alikuja na beseni la migebuka kichwani, na kicheko chake kilifika mlangoni kabla yake. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilivaa kitenge changu cha sherehe, nikakaa kwenye kiti badala ya mkeka, ili ajue mwenye nyumba ni nani. Akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, dada." Kisha akainua macho. "Hawa samaki wataoza tukiendelea kuangaliana hivi. Kisu kiko wapi?"

Tukawaparua samaki pamoja uani. Tulipomaliza, magamba yalikuwa yamenijaa kwenye kitenge na nilikuwa nimeshacheka zaidi ya nilivyotaka.

Mume wetu anafanya biashara ya dagaa. Mimi alinioa kwanza. Alinitoa Kidahwe, kwa wazazi wangu wakulima, akaniweka mjini, mtaa wa Mwanga, upande wa mlimani, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bomba uani. Miaka ikapita, biashara ikawa inamshikilia Ujiji ufukweni, na huko akaoa tena: binti wa familia iliyovuka ziwa kutoka Kongo tangu enzi za babu yake. Huyu akakaa karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kwenye nyumba ambayo mume wetu alikuwa akihifadhia mzigo. Sisi wenyewe tuliziita nyumba ya juu na nyumba ya chini, na hatukuwa na maana yoyote mbaya.

Tulijifungua mabinti msimu mmoja, mimi kitinda mimba wangu, yeye kifungua mimba wake. Wote walichukua paji la uso la baba yao na masikio yake yaliyosimama. Sikukuu walipovalishwa magauni ya kitambaa kimoja, watu waliuliza kama ni mapacha. Mume wetu, sina budi kumtendea haki, hakubagua. Gunia la unga wa muhogo likija juu, la pili lilikwenda chini. Mawese yalitoka kwenye dumu moja.

Lakini wangu akarefuka, na wa mwenzangu hakurefuka. Walipokaribia kuanza shule, wangu alikuwa akimpita kichwa kizima. Yule mdogo alikuwa na kifua kinacholia kama mlango usiotiwa mafuta, na tumbo lilikuwa halimwachi. Leo amepona, kesho kutwa anaharisha tena. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, sijapata kuona. Akija kwangu alikaa jikoni kwenye kigoda, akanisimulia habari za bata wa jirani yao tangu asubuhi hadi tunakula. Kikohozi kikimkamata katikati, aliinua kidole kuniambia ningoje, akakohoa hadi machozi, kisha akafuta uso kwa kiganja. "Mama mkubwa, nilikuwa nasemaje?" Nami ilinibidi nikumbuke bata alikuwa amefikia wapi.

Nilimpenda kwa namna ambayo sikuwahi kuitafutia sababu.

Ndipo wifi yangu, dada mkubwa wa mume wetu, alipoanza kusema. Hakuniambia mimi. Alikwenda nyumba ya chini, akakaa, akanywa chai, akamwambia mwenzangu, "Huoni mtoto wa mwenzio anavyonawiri? Jiulize, afya ya mwanao inakwenda wapi." Maneno yakamfikia mume wetu. Hakuyakubali, lakini hakuyakataa pia. Alichofanya ni kupunguza safari za mtoto. Mara amelala, mara mvua, mara mama yake anamhitaji.

Nikamuuliza siku moja alipokuwa akihangaika na redio yake, "Mbona mtoto haji?"

"Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Si unawajua watu," akajibu, akaendelea kuzungusha kitufe cha redio iliyokuwa imezimwa.

Nikaelewa. Nilimaliza kupika siku ile, nikapakua, nikala. Nilipokwenda kuosha vyombo bombani ndipo nikalia, maana maji yakitiririka mtu hasikiki.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja nikasikia bodaboda ikisimama nje. Ni mke mwenzangu, mimba yake ya pili ikiwa imeanza kuonekana, mtoto mgongoni, furushi la nguo mkononi. Nikamwambia "Mwakeye," kama tunavyosalimiana asubuhi kwetu Kidahwe, maana nilimfundisha. Akamshusha mtoto akamweka mapajani mwangu.

"Wanasema wewe unamla mwanangu," akasema. "Basi nimekuletea mwenyewe, usihangaike kunitumia wachawi usiku. Kaa naye. Shule zikifunguliwa nitakuja kumchukua."

"Na akizidiwa akiwa kwangu?"

"Akizidiwa tutampeleka hospitali, mimi na wewe. Dada, mimi nakujua. Hao hawakujui." Halafu akageukia pembeni akijifanya kumtafuta mwenye bodaboda.

Mtoto akakaa. Sikumpa dawa yoyote, wala chakula cha ajabu. Alikula tulichokula, akanywa maji ya bombani niliyoyachemsha, akalala chumba kimoja na dada yake, dirisha wazi lenye wavu. Kikohozi kikapungua kidogo kidogo hadi siku moja nikashtuka kwamba habari za bata zilikuwa zimekwisha bila kukatizwa. Mashavu yakajaa. Mama yake alipokuja, alimzungusha kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

Wifi akasema nimeamua kumwachia.

Mtoto akarudi chini, na kabla mwezi haujaisha akawa kitandani tena.

Mvua za masika zilipokolea, mwenzangu akajifungua mtoto wa kiume. Mama yake mzazi alishafariki, na mimi ndiye dada. Nikafunga nyumba ya juu, wanangu wakubwa wakiwa shule za bweni, nikamchukua binti yangu, nikateremka Ujiji kumlea mzazi mpaka arobaini. Nilikuwa nimefika nyumba ile mara nyingi, lakini kwa kuketi na kuondoka. Kuishi ni kitu kingine.

Ziwa lilikuwa limepanda. Miaka hii limepanda hata wazee wa Ujiji wanashangaa. Ufukwe ambao binti wa mwenzangu alifundishwa kutembea juu yake ulikuwa chini ya maji, na ukuta wa jirani ulikuwa umelala ziwani. Vyoo vya mstari ule wa nyumba vilijaa maji kutoka chini. Kibanda cha kupikia cha mwenzangu kiliondoka na mawimbi, kwa hiyo mafiga yalihamia chumba cha nyuma, chenye kidirisha kidogo kama cha kibanda cha kuku. Upande unaotoka upepo, jirani alikuwa akibanika samaki kutwa. Moshi wa kwetu haukuwa na pa kutokea, na wa jirani uliingia.

Maji ya bomba la mtaa yalitoka yakipenda. Yasipotoka, kila mtu alichota ziwani, hapo hapo chini ya nyumba. Na mvua ikinyesha kubwa, mtaro ulioteremka kutoka mlimani ulileta kila kitu cha watu wa juu: mifuko, nepi za watoto, mizoga ya kuku, maji meusi. Nilisimama mlangoni siku ya kwanza ya mvua kubwa nikiutazama. Ni mtaro ule ule unaopita nyuma ya nyumba yangu Mwanga. Kule juu maji yakipita tunafurahi kwamba uchafu umeondoka.

"Unachemsha haya maji?" nikamuuliza mwenzangu.

"Nachemsha. Kuni zikiwa kavu." Alikuwa amemlaza mtoto kifuani, macho mekundu kwa moshi. "Kuni zikilowa, dada, moto wenyewe ni wa kubembeleza. Nikichemsha maji, ugali unachelewa, na chumba chote kinakuwa moshi, huyu mkubwa anakohoa. Nisipochemsha, tumbo. Basi kila siku nachagua."

Alisema hivyo kama anavyosema habari za hali ya hewa. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikampikia uji, nikajaribu kuchagua kwa niaba yake. Nikashindwa vizuri tu, kama alivyokuwa akishindwa yeye.

Binti yangu alianza kukohoa. Nikasema ni baridi. Kisha tumbo likamshika, homa ikapanda, midomo ikakauka. Mtoto wangu ambaye hata mafua hayakuwa yakimlaza! Nilimbeba mgongoni hadi zahanati na miguu yake mirefu ikinigonga magotini. Muuguzi alimpa maji ya chumvi na sukari, akamsikiliza kifua. Akaniuliza tunachota wapi maji, tunapikia wapi, mtoto analala umbali gani na moto. Nilipomjibu alitikisa kichwa polepole. "Mama, wa huo mstari wote nawaona hapa. Zamu kwa zamu."

Siku iliyofuata wifi alikuja kumtazama kichanga. Akawakuta mabinti wawili wamelala kwenye mkeka mmoja, masikio yao manne yamesimama, wote wanakohoa. Mume wetu alikuwa amekaa mlangoni.

"Na huyu wa juu naye vipi?" wifi akauliza.

Mwenzangu alikuwa akinyonyesha. Hakuinua sauti. "Huyu nimemroga mimi, wifi."

"Astaghafiru! Maneno gani hayo?"

"Si ndivyo? Wangu akiugua, amerogwa na dada. Sasa wa dada anaugua, na yuko kwangu. Sema basi. Sema mbele ya kaka yako."

Wifi akajifunga upya mtandio wake. Akamtazama kaka yake amsaidie, naye alikuwa akitazama mafiga kwenye kona, ukuta mweusi juu yake, na nguo za watoto zilizotundikwa kwenye moshi ule. Nadhani aliviona kwa mara ya kwanza, ingawa alilala nyumba ile nusu ya siku zake. Yeye akija, alikuta chakula kimeiva.

Akatoka nje, akasimama kando ya mtaro muda mrefu. Aliporudi aliniambia mimi, si dada yake, "Nilikosea, sikukuuliza. Niliogopa jibu."

"Uliogopa dada yako," nikamwambia. Akacheka kidogo kwa aibu, nami sikuwa na nguvu za kugomba. Nilikuwa na mtoto wa kunyweshwa.

Tulipoona mabinti wanaweza kusimama, nikatoa wazo langu: arobaini ikiisha, mwenzangu na watoto wake wahamie juu, nyumba ya chini ibaki ghala. Aliyekataa ni yeye.

"Wake wawili, nyumba moja? Tutagombana mpaka majirani wahame."

"Tugombane."

"Na dagaa wangu nani atawaanika?"

"Utashuka asubuhi, utapanda jioni. Dagaa hawakohoi."

Akamtazama binti yake, aliyekuwa akimweleza wangu habari za bata huku pumzi zikimkatikia. "Mimi nimezaliwa hapa," akasema. "Nikiamka bila kusikia maji nitajihisi nimekufa." Nilijua anasema kweli, na nilijua ameshakubali.

Wako nami sasa mwaka wa tatu. Binti yake yuko darasani pamoja na wangu. Tumbo limemwacha. Hajafikia urefu wa dada yake na muuguzi aliniambia huenda asiufikie. Upepo wa kiangazi ukianza, kifua bado kinapiga filimbi, nami huamka kumsikiliza kabla mama yake hajaamka. Kichanga wa wakati ule ni dume lenye mapaja ya mkate, hajawahi kulazwa. Wifi huja sikukuu, hula vizuri, na kuwasifia watoto wote kwa kipimo sawa kabisa.

Tunagombana, ndiyo. Mwenzangu anatia mawese kwenye kila kitu, na ana tabia ya kuimba akifua alfajiri. Kila asubuhi anapanda bajaji kushuka mwaloni, na kila asubuhi anashuka na madumu ya maji ya bomba langu kwa jirani yake wa zamani aliyebaki na watoto wadogo. Madumu mawili, watoto wanne, haitoshi chochote, nilimwambia hivyo wakati mmoja. Akasema, "Najua. Nifungulie bomba." Mume wetu alipoona hivyo, akawa anakwenda kwenye mikutano ya mtaa, mtu ambaye hakuwahi kukaa mkutanoni, kuulizia ule mtaro utajengewa lini na bomba la chini litatoa maji lini. Anarudi na ahadi. Anakwenda tena.

Jumamosi iliyopita mwenzangu alipanda na watoto wawili wa jirani yule, waoge na kushinda kwetu. Ua ukajaa povu na makelele. Binti yake aliwapanga kwenye ngazi kwa urefu, yeye akajiweka juu kabisa, akaanza kuwasimulia kisa. Mmoja wao akakohoa. Binti yule akainua kidole, akamngoja amalize, akampigapiga mgongoni, kisha akaendelea pale alipoachia.